Kabla ya Siku ya Drafti: Maandalizi ya Anayeanza Fantasi ya Ligi Kuu England

Fantasi ni mchezo wa mtandaoni wa kuunda timu ya wachezaji halisi na kukusanya alama kwa wanachofanya uwanjani; drafti ni aina yake ambayo wanaligi huchagua wachezaji kwa zamu, raundi kwa raundi. Aliyezoea fantasi ya kawaida ya Ligi Kuu England, ile ya bajeti ya pauni milioni 100, anapoingia kwenye drafti huangushwa kwanza na mazoea yake. Kule nyota mmoja anaweza kuwa kwenye timu yako, ya shemeji yako na ya nusu ya ofisi. Kwenye drafti, akichukuliwa amechukuliwa: ndani ya ligi yenu mchezaji mmoja ana mmiliki mmoja, mpaka aachwe au abadilishwe. Bei hakuna. Nahodha wa kuzidishiwa alama hakuna, wala zile karata maalumu za kuokoa wiki mbaya, na hata ule ukomo wa wachezaji watatu kwa klabu moja umeondolewa. Unabaki na foleni ya kuchagua, pamoja na hesabu ya nani atakuwa bado yupo zamu yako ikirudi. Hesabu hiyo ndiyo ya kuifanyia kazi nyumbani, kabla saa ya drafti haijaanza kuhesabu sekunde.

Anza na idadi ya watu kwenye ligi yenu, maana ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Kila meneja huchukua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mastraika 3. Tuseme mko 10. Mnahitaji makipa 20, na Ligi Kuu ina klabu 20, kila moja na kipa mmoja anayeanza. Kila mtu akichukua wawili wanaocheza, ghala ni tupu. Mnahitaji mastraika 30, wakati klabu nyingi siku hizi zinaanza na namba tisa mmoja tu, kwa hiyo wapo watakaomaliza drafti wakiwa na straika wa tatu anayeingia dakika ya 80. Mabeki mnachukua 50 kati ya wale 80 hivi wanaoanza kila wiki, hao hawaishi. Viungo ndio tele kuliko wote, kwa sababu mfumo unawaandika mawinga wengi kama viungo. Mkiwa 6 mambo ni tofauti kabisa: makipa 12 na mastraika 18 wanapatikana bila presha, na anayeshinda ligi ndogo kwa kawaida ni yule mwenye majina mazito mengi, wala si mwenye kikosi kilichosawazishwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza zamu yako ikifika ni hili: nikimwacha huyu, nitakayempata zamu ijayo kwenye nafasi hiyohiyo atakuwa chini yake kwa kiasi gani? Kwa makipa, tofauti kati ya wa tano na wa kumi na mbili huwa ndogo, ndiyo maana kuchukua kipa raundi ya nne ni kutupa zamu. Subiri mpaka raundi ya 10 hivi. Ila mkiwa 10 au zaidi usisubiri mno, na hapo kuna mbinu ambayo wengi wanaipuuza: ukimpata kipa namba moja wa klabu, raundi ya mwisho mchukue msaidizi wake wa klabu hiyohiyo. Wa kwanza akiumia, una anayeanza bila kugombana na mtu.

Mfumo wa alama uujue kwa kichwa. Bao la straika ni alama 4, la kiungo 5, la beki 6. Asisti ni 3 kwa wote. Timu isiporuhusu bao, kipa na beki waliocheza dakika 60 au zaidi hupata 4, kiungo 1, straika hapati kitu. Hapo ndipo nafasi aliyoandikiwa mchezaji inapokuwa mtaji. Msimu wa 2024/25 Bryan Mbeumo wa Brentford na Chris Wood wa Nottingham Forest walifunga mabao 20 kila mmoja kwenye ligi. Mbeumo aliandikwa kiungo: alama 100 za mabao. Wood aliandikwa straika: 80. Hata hivyo uhaba unaweza kuligeuza jibu, kwa sababu straika wa mabao 20 humpati tena mkishafika raundi ya tano, ilhali viungo wa mabao 10 bado watakuwepo. Pima vyote viwili pamoja.

Tangu msimu wa 2025/26 kuna alama za ukabaji pia. Beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi katika mchezo mmoja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukwatua, anapata 2. Kiungo na straika wanahitaji 12, lakini wao wanahesabiwa pia mipira waliyoiokota. Kwa hiyo beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote, ambaye zamani hakuwa na maana, sasa ni jina zuri la raundi za 9 hadi 13. Beki wa pembeni asiyepiga kona wala krosi ndiye aliyeshuka thamani. Usimchukue kwa jina la klabu yake tu.

Sasa andaa orodha yako mwenyewe. Orodha ya ubora inayotolewa na mfumo kila mtu anaiona, na wavivu wote kwenye ligi yenu wataifuata kama ilivyo. Ifanye kuwa chombo cha kubashiri wenzako watamchukua nani. Orodha yako ipange kwa madaraja, usiipange kwa namba kuanzia 1 hadi 120. Chukua kila nafasi, andika majina, kisha chora mstari kila unapoona ubora unaporomoka. Mastraika wanaweza kuwa watatu daraja la kwanza, watano la pili, halafu kundi kubwa la wanaofanana. Kwa ligi ya watu 8, majina 60 yaliyofikiriwa vizuri yanatosha. Baada ya hapo unatafuta tu wanaoanza kila wiki.

Zamu huenda kwa mwendo wa nyoka: wa kwanza hadi wa nane, kisha wa nane anarudia na kushuka hadi wa kwanza. Tuseme mko 8 na umepangiwa nafasi ya 4. Zamu zako ni 4, 13, 20, 29 na kuendelea. Umefika zamu ya 13. Daraja lako la pili lina mastraika wawili waliobaki na viungo watano. Kabla ya zamu ya 20 watachaguliwa wachezaji sita, na ukiangalia vizuri, hao sita wanachukuliwa na watu watatu tu, walioko nafasi ya 3, 2 na 1, kila mmoja mara mbili. Mchukue straika sasa. Hata wote sita wakiwa viungo, hasara yako ni kushuka daraja moja mahali penye watu wengi. Lakini ukiona wale watatu wote walianza na straika raundi ya kwanza, unaweza kuthubutu kuchukua kiungo, kwa kuwa uwezekano wa wao kumaliza wale mastraika wawili umepungua. Anayejua vikosi vya majirani zake wa foleni ana faida kuliko anayejua takwimu za msimu uliopita.

Walioko mwanzo na mwisho wa foleni hesabu yao ni nyingine. Nafasi ya 8 anachagua wa 8 na wa 9 mfululizo, halafu anasubiri wachezaji 14 waondoke mpaka zamu ya 24 na 25. Nafasi ya 1 anasubiri vilevile 14 kabla ya 16 na 17. Huko huwezi kungoja wimbi la watu kukimbilia mastraika lipite kisha ulifuate, maana likianza katikati ya kusubiri kwako utakuta limekwisha. Lianzishe wewe: chukua wawili wa nafasi yenye uhaba kwa mpigo.

Tarehe ya drafti inabishaniwa kidogo kuliko inavyostahili. Iwekeni karibu na wiki ya kwanza kadiri inavyowezekana, siku mbili tatu kabla, ili majeraha ya mechi za maandalizi yawe yameshajulikana. Bado dirisha la usajili litakuwa wazi, na hilo limeumiza wengi. Agosti 2025 Alexander Isak alikuwa chaguo la juu, lakini hakuichezea Newcastle hata mchezo mmoja huku akishinikiza kuondoka, mpaka alipotua Liverpool tarehe 1 Septemba. Yoane Wissa naye alisusa Brentford, akahamia Newcastle, na siku chache baadaye akaumia goti akiwa na timu ya taifa ya DR Congo. Akakosekana kwa miezi. Upande wa pili yupo Cole Palmer: drafti za Agosti 2023 zilimkuta akiwa mchezaji wa benchi Manchester City, akahamia Chelsea tarehe 1 Septemba, akamaliza ligi na mabao 22 na asisti 11. Aliyekuwa macho alimwokota bure. Kanuni ya kutumia ni rahisi: mchezaji anayegombana na klabu yake mshushe daraja moja zima, na raundi mbili za mwisho ziache kwa vijana wenye kipaji ambao wanaweza kuhama au kupata namba.

Kalenda ya AFCON nayo iangalie mapema, hasa inapoangukia katikati ya msimu. Ile ya 2025 kule Morocco ilianza tarehe 21 Desemba na kumalizika 18 Januari. Wawili wa Afrika kwenye safu yako ya mbele wanavumilika. Wanne ni kuipa likizo timu yako nzima wakati wa Krismasi, kipindi ambacho mechi zimebanana. Kuwa na mmoja aliyebaki England, hata wa kawaida, kunasaidia.

Klabu zilizopanda daraja: chukua mpiga penalti wao na kipa wao, mabeki wawe wa mwisho. Zilizopanda 2023 zilishuka zote tatu, za 2024 nazo zikashuka zote tatu, na Sheffield United wa 2023/24 waliruhusu mabao 104. Si sheria isiyovunjika, Sunderland waliopanda 2025 walianza msimu kwa ukuta mgumu. Lakini dau la kuanzia liwe dhidi yao. Kipa wa timu dhaifu angalau huokota alama 1 kwa kila mashuti matatu anayookoa.

Yako mambo ya kukubaliana kwenye kundi la WhatsApp kabla ya mtu yeyote kutuma mchango wake. Ligi itakuwa ya jumla ya alama, au ya kukutana ana kwa ana kila wiki? Ya ana kwa ana ina utani mwingi na bahati nyingi, na inapendeza mkiwa idadi shufwa. Kubadilishana wachezaji kutaruhusiwa, na nani ana haki ya kuzuia? Hili likiachwa wazi, Machi mtu aliyekwisha kata tamaa atamgawia rafiki yake straika bora, na kundi litavunjika. Hela ikae kwa mtu asiyecheza.

Siku yenyewe, kumbuka urefu wake. Watu 8 mara raundi 15 ni chaguzi 120. Kwa sekunde 60 kila mmoja, inaweza kuchukua muda wa saa mbili. Simu iwe na chaji, bando lisiwe la kuunga-unga, na umeme ukiwa wa token au LUKU hakikisha uniti hazitakwisha raundi ya sita. Kubwa kuliko yote: jaza orodha ya kufuatilia ndani ya mfumo, kwa mpangilio wako. Mtandao ukikatika, muda ukiisha mfumo utakuchagulia wa juu kwenye orodha hiyo. Ikiwa tupu, utakuchagulia kwa orodha yake wenyewe. Kila anayechukuliwa akiondoka, ipange upya, la sivyo utapewa kipa wa pili ukiwa huna hata straika mmoja.

Drafti ikiisha, kazi haijaisha siku hiyo. Wote waliobaki wanaingia kwenye weiva, yaani maombi ya kumchukua mchezaji asiye na mmiliki, ambapo meneja aliye mkiani mwa msimamo ndiye anayehudumiwa kwanza. Maombi hufungwa saa 24 kabla ya dedilaini ya wiki, yaani mwisho wa kupanga kikosi, kisha waliosalia wanakuwa huru na anayewahi ndiye anayepata. Dedilaini ni dakika 90 kabla ya mchezo wa kwanza. Mwezi Agosti, mchezo wa Jumamosi wa saa nane na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki unaweka dedilaini saa saba mchana, na weiva Ijumaa saa saba mchana. Mchezo wa kwanza ukiwa Ijumaa saa nne usiku, weiva inafungwa Alhamisi saa mbili na nusu usiku, na hapo ndipo wageni wanaponaswa kwa kudhani bado wana siku nzima. Weka ukumbusho kwenye simu saa moja kabla, na mwisho wa Oktoba, Uingereza wakirudisha saa zao nyuma, usogeze mbele kwa saa moja.