Somo: Kutumia teleprompta bila kusikika kama unasoma

Wengi wanaorekodi video hapa Kisumu huuliza kwanza wanunue prompta gani, yaani kifaa kinachopandisha maandishi mbele ya lenzi ili usome huku ukiitazama kamera. Mimi nawarudisha kwenye karatasi. Sauti ikikauka na macho yakikimbia kushoto na kulia, mara nyingi tatizo ni maandishi yenyewe. Maneno yaliyotungwa ya kusomwa kimya yatasikika yakisomwa hata ukikodi vifaa vya stesheni ya televisheni. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Sema kwanza, andika baadaye. Washa kinasa sauti cha simu, umweleze mtu jambo lako kama mnavyoongea siku zote, kisha sikiliza na uandike ulivyosema. Chukua mfano wa mfugaji wa samaki. Akikaa mezani ataandika: "Ufugaji wa samaki katika vizimba ni shughuli ambayo imekuwa ikitekelezwa na wakulima wengi wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria." Pumzi itamwishia kabla hajafika ziwani. Akiwa ufuoni na mgeni angesema: "Unaviona vile vizimba pale majini? Ndani mna ngege. Leo nakuonyesha tunavyowalisha." Hayo ndiyo ya kuweka kwenye prompta.

Nambari ziandike kwa maneno. Ukikutana na "sh. 450" huku maandishi yanapanda, ulimi utasita, andika "shilingi mia nne hamsini". Saa ndiyo inayowanasa watu zaidi: mtu anaona 8:30, anaanza kusema "saa nane", anajirudi. Andika "saa mbili na nusu asubuhi" na umalize.

Jambo jingine ambalo miongozo ya Kiingereza haitakuambia: sisi tukiuliza swali hatupangui maneno. "Samaki wamekula" na "samaki wamekula?" hutofautiana kwa sauti tu, na alama ya kuuliza iko mwisho, utaiona ukiwa umeshapitwa. Tanguliza "je", au weka alama yako mwanzoni mwa sentensi. Pa kuvuta pumzi, acha mstari mtupu.

Hatua ya 2: Pima mwendo wako. Programu nyingi za prompta hukutaka uchague idadi ya maneno kwa dakika. Usinakili ile ya 130 au 150 wanayopendekeza wasemaji wa Kiingereza. Kwetu "hawajatulipa" ni neno moja na ni sentensi nzima. Soma kwa sauti dakika moja, hesabu maneno, weka idadi hiyo. Bora zaidi, mwenzako ashike rimoti ya Bluetooth akufuate wewe. Ukinyamaza, maandishi nayo yasimame.

Hatua ya 3: Panga vifaa. Simu au tableti hulazwa chini, kioo husimama juu yake kwa pembe ya digrii 45, na kamera hukaa nyuma ya kioo ikichungulia kupitia hapo. Kioo maalumu huakisi sehemu ndogo ya mwanga, mara nyingi asilimia 30 hivi, na kupitisha unaobaki. Kioo cha kawaida cha dirisha kinafanya kazi pia, ila maandishi yataonekana na kivuli chake, kwa sababu kila upande wa kioo unaakisi. Funika kamera kwa kitambaa cheusi ukiacha lenzi wazi, ongeza mwanga wa skrini, na uwashe sehemu ya kugeuza maandishi, la sivyo utayaona kinyumenyume.

Hatua ya 4: Simama mbali kidogo. Mita 2 zinatosha. Herufi ziwe kubwa na mistari iwe mifupi, ili jicho lisisafiri.

Hatua ya 5: Rekodi. Soma yote kwa sauti kabla ya kuwasha kamera. Weka simu kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati itakuharibia kazi; kama unatumia rimoti, washa tena Bluetooth. Kama unarekodi ufuoni Dunga, nenda asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huingia kwenye maiki. Na chini ya mabati, mvua ikianza, ahirisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina simu moja tu na sina kioo. (Kondele)*
Inatosha, ndugu yangu. Tafuta programu inayoonyesha maandishi huku kamera ya mbele ikirekodi. Shika simu wima, na upunguze dirisha la maandishi likae juu kabisa, chini ya lenzi. Ukiilaza simu, lenzi inahamia pembeni na utaonekana ukimtazama mtu mwingine.

*Nafundisha Kemia. Wanafunzi wanasema nakodoa macho. (Nakuru)*
Unaogopa kupitwa, Mwalimu, ndiyo maana hupepesi. Andika ndani ya maandishi: TAZAMA CHUPA. Kisha itazame kweli, uimimine, urudi. Anayefundisha ana kwa ana hamkazii mtu macho dakika tano, na hata kwenye kamera huna haja.

*Miwani yangu inaonyesha maandishi yakipanda. (Kakamega)*
Dada, tumia herufi nyeupe juu ya weusi. Inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viiname chini. Taa ya uso iwe juu, upande mmoja.

*Nikikosea katikati, nianze upya?*
Hapana. Nyamaza, vuta pumzi, rudi mwanzo wa sentensi hiyo, siyo katikati yake. Wakati wa kuhariri kata hapo, na ukuze picha kidogo baada ya mkato ili usionekane umeruka. Hapo ndipo sentensi fupi zinapokufaa tena: kosa moja linakugharimu maneno sita, si aya nzima.