Jinsi ya Kuomba Mwandiko wa Kikpelle Uingizwe Katika Unicode

Mwandiko wa Wavai wa Liberia uliingia Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake ili kompyuta ziitambue, mwaka 2008, ule wa Wamende wa Sierra Leone mwaka 2014. Mwandiko wa silabi wa Wakpelle, uliobuniwa na chifu Gbili wa Sanoyea, Liberia, miaka ya 1930, bado unasubiri, na inauma. Ukitaka kuuombea nafasi, fuata njia hii.

Anzia kwenye rejista ya nyaraka za kamati ya kiufundi ya Unicode. Pendekezo la awali la Kikpelle limo tayari. Liendeleze, usianze upya.

Kisha kusanya ushahidi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Kila herufi unayoiombea sharti ionekane kwenye barua au daftari la hesabu la mtu aliyeandika kwa haja zake. Piga picha ukurasa mzima, andika ulikotoka, na kwanza kabisa uombe ruhusa kwa wenyewe: hizo ni karatasi za marehemu wao.

Sasa tenganisha herufi na hati za mikono. Silabi moja iliyochorwa namna nne na waandishi wanne ni herufi moja, na inapata namba moja. Ukikwama, tazama Wabamum wa Kamerun. Mwandiko wa Mfalme Njoya ulibadilika mara kadhaa tangu 1896. Alama 88 za awamu ya mwisho ziliingizwa 2009, zile 569 za awamu za kale zikafuata 2010. Nawe unaweza kuomba kwanza zile ulizo na ushahidi nazo.

Pendekezo liwe na historia fupi, jedwali la herufi na majina yake, mwelekeo wa kuandika, na picha zako. Jaza fomu ya muhtasari, ambatanisha fonti yenye leseni. Script Encoding Initiative, mradi ulioanzia Berkeley mwaka 2002, huwasaidia waombaji. Waandikie kabla hujatuma.

Baada ya Unicode, ISO, shirika la kimataifa la viwango, nao hupiga kura. Tarajia miaka miwili au zaidi, na maswali mengi. Yajibu kwa picha.

Wakati huo fonti yako inaweza kukaa kwenye eneo la matumizi binafsi, yaani namba za Unicode zilizoachwa wazi kwa yeyote, E000 hadi F8FF. Ila usitunge vitabu vya shule kwa namba hizo: zitakapotoka za kudumu, kila ukurasa utabidi ubadilishwe.