Namna ya Kudumu katika Ombi Moja

Wengi hawaachi kuomba. Wanachoacha ni lile ombi moja. Wiki ya kwanza linaombwa kwa machozi, wiki ya tatu linatajwa juu juu, na baada ya miezi miwili limezama ndani ya "Bwana, ukumbuke haja zetu zote."

Ili lisizame, liandike kwenye daftari. Sentensi moja inatosha, iwe na jambo lenyewe, ili likijibiwa ujue. "Bariki familia yangu" huwezi kujua limejibiwa lini. "Wapatanishe baba na kaka yangu, wazungumze tena" utajua. Kando yake weka tarehe na andiko moja la kusimama nalo. Lisome pamoja na sura nzima kwanza, maana ahadi nyingine alipewa mtu mmoja kwa kazi yake, nawe huna haki ya kuidai.

Kisha tenga dakika kumi kila siku, saa ile ile. Anayeanza hivi hudumu kuliko anayeanza na mkesha. Mbili shukrani, mbili kusoma andiko polepole, nne kuomba kwa sauti, mbili kunyamaza. Kunyamaza ndiko watu hukuruka, na ndiko ombi lenyewe hupata nafasi ya kunyoshwa.

Penye shida kubwa ni mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena mpaka akapewa haki yake (Luka 18:1-8). Huhubiriwa kana kwamba Mungu naye husumbuliwa mpaka akubali. Yesu anasema kinyume: ikiwa kadhi asiyemcha Mungu wala kujali watu alimpatia mjane haki yake, sembuse Mungu kwa wateule wake! Ukimwendea Mungu kama unamwendea yule kadhi, utazidisha sauti na siku za kufunga, na kila siku isiyo na jibu itakuachia uchungu. Kurudia si kosa. Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Kosa ni kudhani tunasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno (Mathayo 6:7).

Siku maneno yakikauka, omba kwa Zaburi 13. Mistari minne ya kwanza ni malalamiko na kusihi, miwili ya mwisho ni tumaini. Usikimbilie ile miwili. Anayemwambia Mungu "hata lini?" bado anamtumaini, la sivyo asingemwuliza.

Mara moja kwa mwezi, lipitie ombi. Je, nia yangu ni tamaa tu (Yakobo 4:3)? Kuna mtu sijamsamehe (Marko 11:25)? Kuna simu ninayopaswa kupiga mimi mwenyewe? Paulo alisihi mara tatu mwiba wake, yaani taabu iliyomtesa mwilini, umtoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9), akalipokea hilo. Kwa hiyo ombi likibadilika, usifute la zamani. Andika jipya chini yake, na tarehe. Na uliyemwombea uponyaji akifariki, usikubali kuambiwa imani yako ilipungua. Kumwambia mfiwa hivyo ni ukatili.

Mwisho, mshirikishe mtu mmoja mwenye kutunza siri, nanyi wawili mwombe pamoja kila wiki. Hata mikono ya Musa, aliyoiinua Israeli walipopigana na Amaleki, ilichoka, ikabidi Haruni na Huri waitegemeze mpaka jua lilipokuchwa (Kutoka 17:12).