Kusafisha mikono mu sale kama wagonjwa ni wengi na robine iko mbali

Wenzangu wa opitali za huku Goma, sisi wote tunajua mikono inapashwa kusafishwa, shida ni kwamba huyu anaita, yule seromu imeisha, na robine iko mwisho wa koridori, siku zingine maji hata hayatoki. Hii naandikia mtu mwenye haraka.

Hatua ya 1: alkoli ikae kwako. Mbele ya kuanza servisi jaza kachupa ka solisyo ya alkoli ya mikono, weka mu mfuko wa bluzi. Stoki ikiisha, farmasi ya opitali inaweza kuitengeneza na formula ya OMS (Shirika la Afya Duniani). Kwa litri 10: etanoli 96% ml 8333, peroksidi ya hidrojeni 3% ml 417, gliserini 98% ml 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike litri 10. Inapumzika masaa 72 juu spora (mbegu ngumu za microbe) zenye zingebaki ndani zife. Mbali na moto, tafazali.

Hatua ya 2: kucha fupi, pete na saa vitoke.

Hatua ya 3: zile wakati tano za kusafisha mikono. Mbele ya kugusa mgonjwa, mbele ya kazi safi kama kuweka seromu ao kufunga kidonda, nyuma ya kukutana na damu ao majimaji ya mwili, nyuma ya kugusa mgonjwa, nyuma ya kugusa vitu vyake (kitanda, meza). Ile ya kwanza njo tunaruka sana. Nyuma ya damu kila mtu anakimbilia sabuni juu anajiogopea, zaidi tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilifika hata hapa mujini, lakini mbele ya kugusa mtoto mchanga hakuna kitu kinatuogopesha, na yeye hawezi kusema, kumbe microbe za kitanda cha jirani zinamufikia kupitia vidole vyetu. Basi paka alkoli ukiwa unatembea toka kitanda hiki kwenda kile, sekunde 20 mpaka 30, unafika unasalimia mama mikono imekauka.

Hatua ya 4: kusugua. Viganja, mugongo wa mikono, kati ya vidole, kidole gumba kizima, ncha za vidole. Gumba na ncha vinasahauliwa, na ncha njo zinagusa sindano! Acha ikauke yenyewe, usipanguse ku bluzi.

Hatua ya 5: sabuni. Mikono ikionekana chafu, ukitoka choo, ukihudumia mwenye kuhara (kolera tunaijua huku), sabuni na maji sekunde 40 mpaka 60. Robine ikikauka, bidoni yenye karobine na ndoo chini, hapana beseni moja watu wote wanachovya. Klori ya mikono ni 0,05%, ile ya 0,5% ni ya sakafu, andika ku kila bidoni kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: gan (glavu). Ukitoa gan, safisha mikono. Kupaka alkoli juu ya gan ili uende kwa mgonjwa mwingine, hapana, zitoe.

Na kama wewe njo shefu wa servisi, weka bidoni ya solisyo pale dosye zinakaa, kila mtu ajaze kachupa akija kuandika.