SOMO: Kupandisha kasi ya Xeon E5-1650 v2 kwenye HP Z420 kwa kutumia ThrottleStop

Wakuu, wengi wetu tunatumia kompyuta za mezani zilizotolewa maofisini Ulaya na Marekani zikaja huku kama mtumba, na swali la kama zinaweza kupandishwa kasi haliishi. Ukweli ni kwamba nyingi haziwezi. Prosesa kama i5-6500 zimefungwa tangu kiwandani, na hakuna programu itakayozifungua. Kwa Intel za kawaida tafuta herufi K au X mwishoni mwa jina, na hata ukiipata, ubao mama nao lazima uruhusu.

Kuna moja inayosahaulika, nayo ndiyo ninayoihariria video za harusi kila wiki: Xeon E5-1650 v2 ya mwaka 2013, viini sita, tredi kumi na mbili, wati 130. Jina lake halina K wala X, lakini kizidisho, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata kasi, kiko wazi. Bayosi (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ya HP Z420, kompyuta ya mezani ninayoitumia, haina menyu ya kupandisha kasi, kwa hiyo tunapitia kwenye programu ya Windows iitwayo ThrottleStop.

Kwanza tuelewane kuhusu kizidisho. Saa ya msingi ya prosesa hii ni megahezi 100. Viini vyote vikiwa kazini, huzidishwa kwa 36, unapata gigahezi 3.6. Kiini kimoja kikifanya kazi peke yake hufika 39, yaani gigahezi 3.9. Tunachotaka ni viini vyote sita vifike 39 kwa pamoja, kisha 40, kisha 41 kama mashine itakubali. Kutoka 36 hadi 41 ni ongezeko la karibu asilimia 14: video iliyokuwa ikichukua dakika 60 kutoka, kwa hesabu ya karatasi, itatoka kwa dakika 53 hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha una prosesa yenyewe. Usiamini stika ya nje wala maneno ya muuzaji. Fungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa, usome jina lote. Z420 nyingi zina E5-1607 au E5-2670, na hizo zimefungwa. Ukikuta hivyo, ishia hapa.

Hatua ya 2: Joto kabla ya kasi. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, toa vumbi kwenye feni na mapezi ya kipoozeo. Kisha ng'oa kipoozeo, futa pesti ya zamani iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya harage dogo. Mashine yangu ilikuwa ikifika nyuzi 88 kabla sijagusa kizidisho chochote. Baada ya kusafisha na kubadili pesti, kazi ileile iliishia 71. Ningekuwa nimeruka hatua hii, somo hili lisingekuwepo. Ukiwasha tena, bonyeza F10, ingia kwenye menyu ya Power, halafu Thermal, uongeze mzunguko wa feni.

Hatua ya 3: Pima ulipo. Washa HWiNFO, programu inayosoma joto, endesha Cinebench R23, kipimo cha nguvu ya prosesa, kwa dakika zake 10, andika alama na joto la juu kabisa. Andika kwenye daftari, kwa sababu mashine ikiganda hutakumbuka.

Hatua ya 4: ThrottleStop. Pakua kutoka TechPowerUp, fungua zipu, iendeshe kama msimamizi. Bonyeza TRL. Utaona namba za kizidisho kulingana na idadi ya viini vilivyo kazini. Weka 39 kote, kubali, kisha hakikisha programu imewashwa kwenye dirisha kuu.

Hatua ya 5: Jaribu, na usiwe na haraka. Rudia Cinebench. Ikipita, endesha Prime95, programu inayoibana prosesa kwa hesabu nzito, kwa saa moja huku HWiNFO ikiwa wazi. Mimi nasimama nikiona nyuzi 85. Tazama pia mstari wa makosa ya WHEA (makosa ya vifaa ambayo Windows huyarekodi) chini kabisa ya HWiNFO. Wengi wanasubiri skrini ya buluu, kumbe prosesa imeshaanza kukosea hesabu na kujisahihisha kimyakimya. Kosa moja la WHEA linatosha kukurudisha hatua moja nyuma. Ikiwa safi, panda hadi 40, rudia yote, kisha 41. Hatua moja kila mara. Voltei hatuwezi kuiongeza hapa, kwa hiyo ukomo wako utaamuliwa na kipande ulichobahatika nacho. Yangu imetulia kwenye 41. Kwenye 42 hutoa makosa.

Sasa jambo ambalo nawaomba mlishike. Mpangilio huu unaandikwa kwenye rejista za prosesa (kumbukumbu ndogo zilizo ndani yake), na ukizima mashine unafutika. Huo ndio usalama wako: ikiganda, zima, washa, uko kwenye kasi ya kiwandani. Ukiiweka ThrottleStop ijiwashe pamoja na Windows kabla hujamaliza majaribio, umeutupa usalama huo, na mashine inaweza kuganda kila inapowaka. Mimi nilifanya kazi siku tatu nikiiwasha kwa mkono, ndipo nikaiweka kwenye Task Scheduler ya Windows ijiwashe yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina OptiPlex yenye i5-6500. Hakuna namna kabisa?
Kwa kizidisho, hakuna. Kama bado inatumia diski ya kuzunguka, weka SSD. Kama ina kijiti kimoja cha RAM, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Utaona tofauti kubwa kuliko hii ninayoihangaikia mimi.

Z420 yangu ina E5-1620 ya kwanza, isiyo v2. Naweza kununua 1650 v2 nikabadilisha?
Usinunue bado. Ingia F10, tafuta tarehe ya boot block, sehemu ya bayosi inayoanza kwanza mashine ikiwaka. Ikiwa ni ya 2013, v2 itakubali. Ikiwa ni ya 2011, haitawaka, na kusasisha bayosi hakubadili sehemu hiyo.

Pawasaplai yangu ni ya wati 400 na nina kadi ya michoro. Kuna hatari?
Zipo pia Z420 za wati 600, na hizo ndizo ningezichagua kwa kazi hii. Prosesa ya wati 130 ikipandishwa inakula zaidi ya hapo. Ukiwa na kadi inayohitaji waya wake wa umeme, baki kwenye 36 mpaka ubadilishe.

Kaka, nikiilaza kompyuta halafu nikaiamsha, kasi inarudi ya zamani. Nimekosea wapi?
Hujakosea, dada. Usingizi nao unaweza kufuta rejista zile. Izime kabisa badala ya kuilaza, au ukiiamsha fungua ThrottleStop upya na uangalie namba za TRL kabla hujaanza kazi.