Kutafuta Chanzo cha Taa za Onyo na Hali ya Kujikongoja kwenye Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Pikipiki ya kisasa ya magurudumu matatu, hasa yenye magurudumu mawili mbele kama Can-Am Spyder, haiendeshwi na kompyuta moja tu. Kuna ya injini, ya breki na uthabiti, na mara nyingi ya usukani, nazo hupashana habari kupitia jozi moja ya waya. Mojawapo inapopokea taarifa isiyoaminika, injini huamriwa kupunguza nguvu, na dereva hubaki akijikongoja huku dashibodi imewaka taa tele. Injini hapo inajilinda, na kazi ya fundi ni kujua ni taarifa gani iliyozua shaka. Utaratibu ufuatao huanza kwenye umeme kwa makusudi, kwa kuwa taa tatu au nne zinazowaka kwa pamoja mara nyingi zina mzizi mmoja.

Hatua ya 1: Simama, kisha soma rangi ya taa

Taa nyekundu ya shinikizo la oili au ya joto la injini hudai uzime injini mara moja, na rejeta isifunguliwe mpaka ipoe kabisa. Taa ya manjano kwa kawaida huruhusu mwendo wa polepole hadi mahali salama. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) inayowaka pikipiki ikiwa imesimama na kuzimika inapoanza kutembea si hitilafu. Mfumo husubiri magurudumu yazunguke ndipo ujihakiki. Andika taa zote zilizowaka na ipi ilitangulia, kwani baada ya kuzima na kuwasha baadhi hupotea na ushahidi hupotea nazo.

Hatua ya 2: Pima betri, chaji na waya wa ardhi

Wenye pikipiki wengi hutamani kuiruka hatua hii kwa hoja kwamba stata inapiga vizuri. Stata inaweza kuzungusha injini huku volti zikishuka kiasi cha kuzichanganya kompyuta, kwa hiyo hoja hiyo haitoshi. Iache pikipiki saa kadhaa bila kuwashwa, kisha upime kwa mita ya umeme (multimita) kwenye nguzo za betri: betri ya asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.6 au zaidi, na ikisoma 12.0 imekwisha chaji. Piga stata ukiitazama mita. Ikishuka chini ya takriban volti 9.6, betri imechoka au miunganisho ina upinzani. Injini ikinguruma na mizunguko ikipandishwa kidogo, tarajia kati ya volti 13.8 na 14.5.

Sasa shika terminali kwa vidole na ujaribu kuizungusha. Ikisogea hata kidogo, imelegea, haidhuru skrubu inaonekana imefika mwisho. Chomoa hasi kwanza, sugua kutu na ungaunga mweupe kwa brashi ya waya, kisha urudishe chanya kwanza na hasi mwisho. Fuatilia waya wa ardhi, yaani ule unaotoka nguzo hasi ya betri, hadi unapofungwa kwenye fremu, kwa sababu rangi au kutu chini ya jicho la waya huzuia umeme vilevile. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, upige stata: ukiona zaidi ya nusu volti, waya huo una kasoro.

Hatua ya 3: Soma misimbo kabla ya kuifuta

Misimbo ni alama za hitilafu ambazo kompyuta huhifadhi, nazo husomwa kwa skana inayochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi. Msimbo unaoanza na P unahusu injini na gia, C unahusu breki, usukani na uthabiti, B unahusu vifaa vya mwili wa chombo, na U unahusu mawasiliano baina ya kompyuta. P0562 maana yake ni volti za mfumo kuwa chini. Ukiikuta pamoja na misimbo mingine, rudi hatua ya 2. Msimbo husema lalamiko limetoka wapi, wala hauthibitishi kwamba sensa iliyotajwa imekufa.

Misimbo ya U ikitawala, chomoa betri na upime upinzani kati ya waya mbili za mawasiliano kwenye soketi ya uchunguzi. Katika mfumo wa CAN, yaani mtandao huo wa waya mbili, wenye vizuizi (rezista) viwili vya ohmu 120, kipimo sahihi ni takriban ohmu 60. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakionekani au waya umekatika. Ukikaribia sifuri, waya zimegusana.

Hatua ya 4: Kagua swichi ya taa ya breki

Mwombe mtu atazame taa ya nyuma huku ukikanyaga pedali taratibu. Iwake mwanzoni mwa mkanyago na izimike mara tu unapoachia. Ikichelewa kuzimika, kompyuta huamini kwamba dereva anafunga breki huku akiongeza mafuta, na mifumo mingi hapo hunyima nguvu. Angalia pia kiwango cha mafuta ya breki. Kikiwa chini, kagua unene wa pedi na mivujo kabla ya kuongeza.

Hatua ya 5: Matairi na sensa za magurudumu

Pima upepo tairi zikiwa baridi. Tairi ya nyuma yenye mzingo tofauti na uliokusudiwa huifanya kompyuta ione kasi zisizolingana. Kisha fuata waya wa kila sensa ya mbele, hasa pale unapopindika kila usukani unapogeuzwa, kwani nyuzi hukatika ndani huku ganda likibaki zima. Chomoa ncha zote mbili, pima mwendelezo wa waya peke yake (kama umeme unapita bila kukatika), na ugeuze usukani kushoto na kulia ukiitazama mita. Futa vumbi la chuma lililoganda kwenye ncha ya sensa.

Hatua ya 6: Mkono wa mafuta

Mkono wa mafuta ni mshiko unaozungushwa kuongeza mwendo. Kwenye mfumo usiotumia kebo una sensa mbili zinazolinganishwa. Zitazame kwenye skana ukizungusha mkono polepole, injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa. Thamani zipande bila kurukaruka. Zikiruka, safisha plagi kabla ya kuagiza kifaa.

Hatua ya 7: Futa misimbo na ujaribu barabarani

Futa, kisha endesha kwa mwendo wa wastani penye nafasi, ukipita kona za pande zote mbili na kufunga breki kwa upole. Msimbo uleule ukirudi penye kona tu, kagua sensa ya pembe ya usukani. Ikiwa usukani ulifunguliwa au kurekebishwa karibuni, sensa hiyo huenda inahitaji kusawazishwa upya kwa kifaa cha mtengenezaji.