Namna ya Kumaliza Ugomvi wa Chumbani Bwenini Kabla Haujafika Kamati ya Nidhamu

Katika vyuo vyetu vya Tanzania, ugomvi mwingi wa bwenini huanzia kwenye mambo madogo: redio inayopigwa usiku wa manane, zamu ya kufagia, fedha iliyoazimwa kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia, au kubebana, yaani mwenye chumba kumlaza mwenzake ambaye hakupangiwa nafasi. Hili la kubebana lina mtego wake, kwa kuwa kwa kawaida ni kinyume cha kanuni za mabweni, na anayelipeleka mbele huweza kuulizwa kwa nini alilinyamazia muhula mzima.

Kabla ya kumkabili mwenzako, andika kwenye daftari tarehe, jambo lililotokea na walioliona, kwa maana hasira huongeza chumvi na kumbukumbu hupotea. Kisha zungumza naye mkiwa wawili, ukitaja tendo badala ya tabia: “Jana uliwasha taa saa nane usiku” ni kauli inayojibika, ilhali “wewe huna ustaarabu” huzaa tusi jingine. Usilipeleke jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mbali na kumwaibisha mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu kihisia.

Mazungumzo yakishindikana, mwombeni mtu mnayemheshimu nyote wawili awasikilize, awe kiongozi wa wanafunzi wa bweni au mlezi wa bweni, na baada ya hapo mshauri wa wanafunzi. Mkikubaliana, andikeni makubaliano na mtie saini, hata kama yanahusu shilingi elfu kumi tu; maneno matupu ndiyo yanayorudisha ugomvi ule ule wiki ya mitihani.

Usuluhishi huu haufai pale mtu alipopigwa, alipotishiwa maisha au alipodhalilishwa kingono, na anayekushauri “myamalize kindugu” katika hayo hakutendei haki. Nenda polisi uchukue PF3, yaani fomu ya polisi ambayo aliyeumizwa huenda nayo hospitali, upate matibabu, na utoe taarifa kwenye dawati la jinsia la polisi au la chuo, kama lipo.

Ukiitwa na kamati ya nidhamu, omba tuhuma zako kwa maandishi, pamoja na kifungu cha kanuni unachodaiwa kukivunja na muda wa kutosha kujiandaa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufani, mbele ya mahakama au chombo kingine kinachoamua haki zake. Kususia kikao ni kosa ambalo wanafunzi hulijutia sana, kwani uamuzi huweza kutolewa bila wao kuwapo. Iwapo mjumbe mmoja ana undugu au uhasama na mmoja wenu, sema mwanzoni mwa kikao, kwa adabu, na uombe pingamizi lako liandikwe katika muhtasari.

Uamuzi ukikuelemea, soma mara moja siku za kukata rufani zilizowekwa na kanuni za chuo chako, uandike barua fupi inayoonyesha kosa la uamuzi wenyewe badala ya kuomba huruma, uipeleke masjala, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.